Unywele Huu Hapa, au Nywele kwa Jumla?

Jumamosi jioni, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mezani kuna glasi ya maji ambayo hakuna atakayeinywa. Ndani yake mna unywele mmoja. Mwenyewe ameketi pembeni, simu mkononi, anasubiri dakika zipite aone kama utazama, utaning'inia katikati au utabaki juu. Ukizama, ameambiwa, nywele zake hunywa maji kupita kiasi. Ukielea, hazinywi kabisa. Kesho atakwenda dukani kununua mafuta kwa kufuata hukumu ya glasi.

Glasi hiyo hudanganya. Unywele mkavu huelea kwa sababu uso wa maji una nguvu ya kuubeba. Sindano ya cherehani ikilazwa taratibu huelea vilevile, na hakuna aliyewahi kuapa kwamba chuma hakizami. Unywele wenye mafuta huelea zaidi, uliosukumwa kwa kidole huzama. Kinachopimwa pale ni namna unywele ulivyotumbukizwa kuliko jinsi ulivyo. Lakini hamu iliyomweka mtu mezani ni halali: anataka kujua Mungu amemjalia nini kichwani. Na swali hilo likifuatwa mpaka mwisho haliishii kwenye duka la vipodozi. Linafika kwa Plato, kwa Imamu Ghazali, na kwenye ofisi za makaburu waliokuwa wakiamua rangi ya mtu kwa penseli.

Kwanza kichwa chenyewe. Anayetaka kujichunguza vizuri huosha nywele kwa shampuu, hapaki chochote, hashiki chanuo wala pasi, anaziacha zikauke kwa hewa. Maji huvunja vifungo vidogo vya haidrojeni vilivyokuwa vimeshikilia umbo la jana, liwe la pasi au la mabutu, na nywele zikikauka bila kuguswa hurudi kwenye umbo zilizotoka nalo kwenye ngozi. Hapo ndipo macho yafanye kazi. Zimenyooka? Zina mawimbi? Zinajiviringa mduara wa upana wa kalamu, au ni vijipindo vidogo visivyoonekana mpaka unywele mmoja uchomolewe na kuwekwa juu ya karatasi nyeupe?

Umbo hilo hutengenezwa chini, kwenye kinyweleo. Kinyweleo kilichonyooka hutoa unywele ulionyooka, kilichopinda hutoa uliopinda. Unywele wa singa ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana wa duara au karibu na duara. Wa kipilipili huwa bapa zaidi, umbo la yai lililobanwa. Kilichokwisha kutoka nje ya ngozi ni keratini tupu, kitu kisicho na uhai, ndiyo maana mkasi hauumi. Mafuta yanayodai kuuhuisha unywele kutoka ncha yanamtibu marehemu.

Kisha unene, ambao wengi huuchanganya na wingi. Unywele mmoja ukiviringishwa kati ya kidole gumba na cha shahada bila kusikika, ni mwembamba. Ukikaribia kulingana na uzi wa cherehani, ni mnene. Wingi ni jambo jingine: wastani wa nywele kichwani ni kama laki moja, na anayeinamisha kichwa chini ya taa akaona ngozi bila kupasua njia anazo chache. Wapo wenye nywele nyembamba mno lakini nyingi ajabu, wanaoambiwa na kila mtu kwamba nywele zao ni ngumu, wakatiwa dawa kali zisizowafaa.

Unywele uliolowa ukivutwa polepole unapaswa kurefuka, pengine kwa theluthi ya urefu wake, halafu urudi. Usiporudi, umechoka. Na kuhusu kunywa maji, badala ya glasi inatosha kuzinyunyizia nywele zilizooshwa na kutazama: matone yakisimama juu kwa muda, magamba ya nje ya unywele yamefungana, yakipotea papo hapo, yamefunguka. Muda wa kukauka nao husema mengi. Wapo wanaoosha asubuhi na kwenda kazini jioni bado kichwa kina unyevu, na wapo ambao dakika ishirini zinawatosha.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Yanaharibika mara anapohamisha mkono. Za utosini zinajiviringa vizuri. Za kisogoni zimekaza kiasi cha kushikana zenyewe. Za juu ya masikio zimelegea. Za mbele, ambako misuko ya kubana imezivuta tangu utotoni, ni laini na fupi kama za mtu mwingine. Akizirudia miezi mitatu baada ya kujifungua, zinadondoka kwa mafungu. Akihama mtaa wenye maji ya bomba kwenda kwenye maji ya kisima yenye chumvi, zinakakamaa na sabuni haitoi povu. Aliyepiga pasi Dodoma mwezi wa Agosti akapanda treni kuja Dar es Salaam hufika na kichwa kingine, maana unyevu wa pwani umekwisha kuvirudisha vile vifungo vya haidrojeni mahali pake. Nywele gani kati ya hizo ni zake, ili azipe jina?

Jina analolitafuta mara nyingi ni namba na herufi. Utaratibu huo ulienezwa na Andre Walker, mtengenezaji wa nywele wa Oprah Winfrey, katika miaka ya 1990. Kitabu chake kilitoka 1997. Namba 1 ni nywele zilizonyooka, 2 za mawimbi, 3 za kujiviringa, 4 za kujikunja sana, na herufi zikagawa kila namba. 4C, ambayo leo ndiyo watu wengi wa huku wanajitambulisha nayo, haikuwamo katika mpangilio wa Walker. Iliongezwa na watumiaji wenyewe walioona kwamba vichwa vyao vimeachwa nje ya jedwali. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya L'Oréal walitoa mpangilio mwingine uliotokana na kupima mikunjo ya nywele za watu wa nchi nyingi, nao ukawa na aina nane. Kwa hiyo kichwa kilekile kinaweza kuwa na aina moja kwa Walker, nyingine kwa L'Oréal, na ya tatu kwa binamu mwenye saluni.

Mgiriki Eubulides wa Mileto, wa karne ya nne kabla ya Kristo, alikwisha kuona tatizo hili, tena kwa nywele zilezile. Aliuliza: mtu mwenye nywele zote akinyofolewa mmoja, ana kipara? Hapana. Wa pili? Hapana. Basi ni unywele wa ngapi unaomfanya awe na kipara? Hakuna anayeweza kuutaja, na bado vipara vipo barabarani vinang'aa. Mwenye kujichunguza nyumbani anakutana na fumbo hilohilo: mkunjo ukaze kiasi gani ili 4B iwe 4C? Hakuna milimita iliyotoka mbinguni. Wapo wanaorukia kusema kwamba basi aina zote ni porojo. Si kweli. Kukosa mpaka si kukosa tofauti. Nywele za Mchina na za Mmakonde zinatofautiana, na chanuo linalijua hilo kabla ya mwanafalsafa.

Plato alilifikisha swali mahali pa juu zaidi. Katika mazungumzo yaitwayo *Parmenides*, mzee Parmenides anamhoji Socrates aliye bado kijana. Socrates anashikilia kwamba nyuma ya vitu vizuri vyote kuna Uzuri wenyewe, nyuma ya matendo ya haki kuna Haki yenyewe, maumbo ya milele yasiyooza. Mzee anamuuliza: na nywele je? Na matope, na uchafu? Je, navyo vina maumbo yake ya milele? Kijana anashtuka na kusema hapana, hivyo ni hivi tunavyoviona tu, kudhani vina maumbo ni upuuzi. Lakini anakiri kwamba jambo hilo humsumbua. Parmenides anamwambia kwamba aibu hiyo inatokana na ujana, siku falsafa itakapomkamata sawasawa hatadharau kitu chochote kati ya hivyo.

Mzee alikuwa na haki ya kumbana. Ikiwa kuna Umbo la Unywele, je, ni la singa au la kipilipili? Katika historia, kila aliyejibu swali hilo alijibu kwa kujitazama kwenye kioo. Hata katika namba za Walker, anayeanza kuhesabu anaanza na nywele zilizonyooka. Za kujikunja zinakuja mwisho, na kadiri zinavyokaza ndivyo herufi inavyosogea mbali. Nani aliyesema moja ni huku na nne ni kule?

Ugomvi mkubwa zaidi kuhusu kitu kimoja na aina yake ya jumla haukuwa wa nywele, ila unaziingia barabara. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1037, alifundisha kwamba Mungu hujua vitu vya mojamoja kwa njia ya ujumla. Kujua kitu kinachobadilika kwa kukifuatilia leo hivi na kesho vile kungemfanya mjuzi mwenyewe abadilike, na Mungu habadiliki. Basi anavijua kupitia sababu na sura zake za jumla. Imamu Ghazali alipoandika *Tahafut al-Falasifa* mwaka 1095 aliorodhesha masuala ishirini ambayo wanafalsafa walikosea, na matatu kati ya hayo akayahukumu kuwa ni ukafiri. Hilo la elimu ya Mungu juu ya vitu vya mojamoja ni mojawapo. Kwa Ghazali, Mungu anayejua mtu kwa jumla bila kumjua Zayd fulani, wala asijue kwamba Zayd amesilimu leo au ameritadi jana, hawezi kuwa Mungu wa sheria na hukumu. Ibn Rushd alijibu kutoka Andalusia katika karne ya kumi na mbili kwamba wote wawili wanapima elimu ya Mungu kwa kipimo cha elimu ya binadamu: yetu hutokana na vitu, yake ndiyo inayovifanya vitu viwepo, kwa hiyo si ya jumla wala ya mojamoja.

Wasomaji wa Injili wamekutana na upande wa Ghazali kwa maneno mengine. Katika Mathayo sura ya 10, Yesu anawatuliza wanafunzi wake wanaotumwa hatarini, na miongoni mwa anayowaambia ni kwamba nywele za vichwa vyao zimehesabiwa, zote. Hakusema zimepangwa kwa aina. Hesabu hiyo si ndogo: kichwa cha kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku na kuotesha nyingine, kwa hiyo tarakimu hubadilika kila mtu anapochana. Ibn Sina angeona hapo ushahidi wa tatizo lake. Ghazali angesema, naam, na bado anaijua.

Hapa ndipo jedwali la Walker linapopata nafasi yake ya haki. Anayejua kila unywele hahitaji aina. Aina ni chombo cha asiyeweza kuhesabu laki moja, yaani sisi sote. Inamfupishia mtu kazi, inamsaidia kutafuta mafuta bila kujaribu makopo hamsini. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Lakini kinapimwa kwa manufaa yake, na mwenye nacho anaweza kukiweka chini akiona kichwa chake hakiingii. Hatari huanza pale chombo kinapodhaniwa kuwa ni elimu ya Mungu, halafu kikakabidhiwa serikali.

Peter Browne alikuwa mwanasheria wa Philadelphia aliyetumia miaka ya 1840 na 1850 kukusanya nywele. Aliziomba kwa barua, akazibandika kwenye vitabu, za wanyama, za watu wa kawaida na za marais wa Marekani. Mkusanyiko huo bado umehifadhiwa katika Academy of Natural Sciences mjini humo. Alizikata, akazipima, akatangaza kwamba kuna maumbo matatu ya unywele ukiutazama kwa mkato wake: la duara, la yai, na la yai lililobanwa. Kutoka hapo akaruka: maumbo matatu, basi spishi tatu za binadamu. Marekani ilikuwa bado na watumwa, na hitimisho la namna hiyo lilikuwa na wanunuzi. Kinachoumiza ni kwamba macho ya Browne hayakumdanganya sana. Nywele za kujikunja kweli ni bapa zaidi zikikatwa. Alichokiona kilikuwepo, spishi tatu alizileta mwenyewe.

Mwaka 1908 Mjerumani Eugen Fischer alifika Rehoboth, katika koloni ambalo leo ni Namibia, kuwapima wazao wa wanaume wa Kizungu na wanawake wa Kikhoikhoi. Alikuwa amebuni kisanduku chenye vishada 30 vya nywele vyenye namba, vya kulinganisha rangi ya nywele za mtu. Kitabu chake cha 1913 kilipinga ndoa za mchanganyiko. Mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa taasisi ya anthropolojia mjini Berlin ambayo elimu yake iliutumikia utawala wa Hitler. Kisanduku kimoja cha namna hiyo kimo katika hifadhi ya chuo kikuu cha UCL, London: chombo kidogo, nadhifu, kisichotofautiana sana na vile vishada vya sampuli ambavyo saluni humpa mteja achague rangi ya rasta.

Na penseli. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1950 ya kuandikisha wakazi ilitaka kila mtu awe Mzungu, Chotara au Mweusi. Sheria ilisema juu ya sura na jinsi jamii inavyomkubali mtu, jambo ambalo ofisa wa dirishani hawezi kulipima, basi ofisa akajitafutia njia ya mkato. Alichomeka penseli kwenye nywele. Ikidondoka, mtu ni Mzungu. Ikinasa, si Mzungu. Kwa maneno mengine ilikuwa ni jaribio la nyumbani, rahisi na la haraka kuliko la glasi ya maji, na kwa upande wa kupima mkazo wa nywele pengine ni sahihi kuliko hilo. Tofauti ni kwamba matokeo yake yaliamua mtaa wa kuishi, shule, hospitali na nani wa kufunga naye ndoa.

Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi Wazungu wa Transvaal ya Mashariki, mababu zao Wazungu wanaojulikana. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia na nywele zake za kujikunja. Mwaka 1966, akiwa na miaka kumi, alitolewa shule ya bweni ya Wazungu akiwa chini ya ulinzi wa polisi, na serikali ikamwandika Chotara. Baba yake alipambana mpaka sheria ikabadilishwa mwaka uliofuata, nasaba ikapewa uzito kuliko sura, na binti akaandikwa Mzungu tena. Kichwa hakikubadilika hata kidogo katika kipindi hicho chote. Alipokua alikimbia na mwanamume Mweusi, akatengwa na familia yake, na ili aishi na watoto wake kihalali akataka kurudishwa kwenye Uchotara. Ukimfuata Eubulides, mtu huyo alivuka mpaka mara tatu bila kung'oa unywele mmoja.

Waswahili wasijipongeze haraka. Mtoto akizaliwa pwani, wapo shangazi wanaozishika nywele kabla hawajauliza uzito wa mtoto, na neno singa linatamkwa kwa furaha ambayo kipilipili halijawahi kuipata. Watu wa dini wa nyumba hiyohiyo wanajua sunna ya akika: siku ya saba kichwa kinanyolewa, nywele zinapimwa kwenye mizani, na fedha ya uzito wake inatolewa sadaka. Mizani haiulizi mkunjo. Gramu ya singa ni gramu, ya kipilipili ni gramu. Zaidi ya hapo, shangazi anapoteza muda, maana nywele za kuzaliwa hudondoka na zinazoota baadaye mara nyingi ni nyingine kabisa.

Katika vitabu vinavyoeleza sura ya Mtume Muhammad, sahaba Anas bin Malik anasimulia kwamba nywele za Mtume hazikuwa za kukaza sana wala za kulala moja kwa moja. Na katika baadhi ya mapokezi ya usiku wa Miraji, Nabii Musa ametajwa kuwa mtu wa rangi ya kahawia mwenye nywele za kujikunja. Yanatajwa kama sura za watu zinavyotajwa, ili msikilizaji awaone. Wasimulizi wale walijua vizuri aina mbalimbali za nywele na wakazieleza kwa makini kuliko mabango mengi ya saluni, pasipo kupandisha wala kushusha daraja ya yeyote kwa ajili hiyo.

Wanaotafuta sababu ya Mungu au ya maumbile kutoa nywele za kipilipili wamekuwa na majibu ya kuchekesha. Aristotle aliandika kwamba watu wa nchi za joto wana nywele za kujikunja kwa sababu ya ukavu, wa hewa na wa ubongo. Miaka ya karibuni kumekuja jibu lenye vipimo. Mwaka 2023 Tina Lasisi na wenzake, akiwemo Nina Jablonski, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo sanamu yenye joto la mwili ilivalishwa mawigi ya nywele za binadamu, moja ya singa, moja ya kujiviringa kiasi, moja ya kukaza, kisha ikawekwa chini ya taa kali za kuigiza jua. Kila wigi lilipunguza joto lililofika kichwani. La kukaza lilishinda yote, na kichwa chini yake kilihitaji jasho kidogo kuliko vingine ili kipoe. Kwa viumbe wenye ubongo mkubwa waliotembea mchana kweupe katika nyika za Afrika, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, anayelichukua jaribio hili na kulifanya kuwa ngao ya heshima anacheza mchezo wa Browne kwa kugeuza meza. Nywele zisizokuwa na kazi yoyote zingestahili heshima vilevile.

Je, nywele ndiyo mtu? Mtawa wa Kibuddha Nagasena aliulizwa na mfalme Milinda, mtawala mwenye asili ya Kigiriki, kuhusu jina lake: Nagasena ni nani, ni nywele za kichwa? Hapana. Ni kucha? Meno? Hapana, mpaka mwili wote ukamalizika. Ni swali la kustahimili, hasa kwa vile unywele mmoja huishi miaka miwili hadi sita hivi kisha hudondoka na kuachia mwingine, kwa hiyo kichwa cha mtu wa miaka arobaini kimekwisha kubadilishwa chote mara kadhaa. Lakini mahakama zimelazimika kujibu kinyume kidogo. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Urastafari ni dini, na kwamba shule moja ya sekondari jijini Nairobi haikuwa na haki ya kumfukuza mwanafunzi kwa ajili ya dredi zake. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Malawi ikawafungulia watoto wa Kirasta milango ya shule za umma. Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau, alikaa na dredi za msituni mpaka mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ndipo akakubali zikatwe. Ungemuuliza kama ni 4B au 4C angekutazama tu. Unywele umekufa, ni keratini. Aliyeubeba miaka sabini ndiye aliyeupa maana, na maana hiyo haimo kwenye hadubini.

Tanzania na Kenya zina shule nyingi za serikali zinazotaka wasichana wanyoe au wakate karibu na ngozi. Walimu husema ni kwa usafi na kuokoa muda, na wana hoja: bweni lenye maji ya foleni si mahali pa kuosha afro. Matokeo yake ni kwamba wapo wanawake wengi wanaofika miaka kumi na minane au ishirini bila kuwahi kuziona nywele zao zikiwa ndefu. Wanatoka kwenye mashine ya kunyolea moja kwa moja mpaka kwenye dawa ya kulainisha, ambayo huvunja vile vifungo vya salfa ndani ya unywele visivyorudishwa na maji wala hewa. Miaka inapita, wigi juu ya msuko. Suala la kuunganisha nywele lina mjadala wake mrefu kwa wanazuoni wa Kiislamu, wanaotofautiana kuhusu nywele za binadamu na za nailoni, za mke mwenye idhini ya mumewe na asiyekuwa nayo. Katika mjadala huo ni nadra kusikia mtu akiuliza kama mwenye kichwa ameshawahi kukutana na alichopewa. Glasi ya maji ya Jumamosi, pamoja na uongo wake wote, mara nyingi ndiyo miadi ya kwanza.

Anayejua zaidi kuliko glasi ni msusi mzoefu, na haulizi namba. Mteja akimwambia "mimi ni 4C", hujibu "haya, kaa hapa mdogo wangu", kisha vidole vinaanza upya kutafuta. Huanzia kisogoni, kwa sababu huko ndiko kunakokatika. Huuliza dawa iliwekwa lini mara ya mwisho, huvuta kifungu kimoja taratibu, hupasua njia kuona ngozi na mba, hushika za mbele kwa ncha ya kidole. Kwa dakika mbili ameshajua unene, wingi, mnyumbuko, na mahali ambapo kichwa hiki kinatofautiana na cha mteja aliyetoka. Halafu anatoa uamuzi unaohusu kichwa hicho peke yake: huku nyuma tutasuka kubwa, katikati sawa na picha uliyoleta, ila hizi za pembeni leo sizivuti, zimeshachoka. Mteja akilalamika kwamba picha ilionyesha za pembeni zimelazwa, msusi anamwambia bei ni ileile.